Tupeane uzoefu: Kutembelea Essen na Duisburg, miji ya makaa na chuma iliyofufuka

Nyundo
Wakuu, maswali kuhusu bonde la Ruhr kule Ujerumani yamekuwa mengi, basi tuyakusanye hapa. Kinachowapoteza wageni wengi ni mpangilio. Fuata njia yaliyopita makaa ya mawe yenyewe: shimoni, kwenye jengo la kuoshea, kwenye matanuri ya koki (makaa yaliyookwa bila hewa), mwisho tanuri la chuma. Ukianzia Duisburg kwenye tanuri utaona mabomba na kutu tu, bila kujua yote yale yalikuwa yakilishwa nini.

Kwa hiyo anza na Zollverein, mgodi wa zamani wa makaa ulioko Essen. Tramu namba 107 hupita chini ya kituo kikuu cha treni. Panda ile inayoelekea Gelsenkirchen, ushuke kituo cha Zollverein. Kama tiketi yako ya karatasi inatakiwa kugongwa muhuri kwenye kisanduku, gonga kabla ya safari. Isiyogongwa ni sawa na kutokuwa nayo, na wakaguzi hawasikilizi habari za ugeni. Shimo XII (namba 12) la mgodi huo lilianza kazi 1932 na kufungwa Desemba 1986. Lilikuwa na uwezo wa kutoa hadi tani 12,000 kwa siku, ndiyo maana mnara wake wa kunyanyulia una miguu pande mbili: uliendesha mitambo miwili kwa pamoja. UNESCO iliuorodhesha mgodi huu mwaka 2001.

Mama Ramani
Mkuu Nyundo umesema kweli. Naongezea jengo la kuoshea makaa, ambalo sasa ni Ruhr Museum. Lango lake liko juu, mita 24 kutoka ardhini, na unafikishwa huko na ngazi ya umeme ya rangi ya chungwa yenye urefu wa mita 58. Watu hudhani ni mbwembwe za wasanifu. Hapana. Makaa yalipandishwa juu kwa mikanda, kisha yakashuka ghorofa kwa ghorofa yakichambuliwa na kutenganishwa na mawe. Maonyesho nayo hushuka vivyo hivyo: maisha ya leo kwenye mita 17, kumbukumbu kwenye mita 12, historia kwenye mita 6. Kwa hiyo usitafute njia ya mkato kuanzia chini, utasoma kitabu kutoka nyuma. Mwenye kiti cha magurudumu aulize lifti.

Ndani ya majengo ya mitambo hakuna joto la kutosha wakati wa baridi. Vaa koti hata kama uko chini ya paa.

Kijiti
Samahani wakubwa, kiwanda cha koki kina maana kweli, au mtu arudi mjini akishamaliza makumbusho?

Nyundo
Mdogo wangu, usiruke pale. Kutoka Shimo XII ni mwendo wa robo saa hivi kwa miguu. Kuna matanuri 304 yaliyopangwa safu, membamba kama vitabu kwenye rafu. Makaa yalipashwa humo bila hewa, joto likipita digrii 1,000. Gesi na lami zikatoka, ikabaki koki, ngumu na yenye vitundu. Tanuri la chuma haliwezi kula makaa mabichi: yakipata moto hulainika, uzito wa mawe ya chuma ukiyakandamiza yanagandamana, na upepo unaopulizwa kutoka chini unakosa njia. Kiwanda kilifungwa 1993. Kuzunguka nje ni bure. Kuingia ndani ni kwa ziara ya kuongozwa. Ziara nyingi ni za Kijerumani, hivyo ulizia ya Kiingereza mapema, si siku hiyohiyo mlangoni.

Bomba Kuu
Jambo ambalo waongozaji wengi hulipitia haraka: mto Emscher, unaopita bonde hili. Kwa miaka mingi ulikuwa mfereji wa majitaka ulio wazi. Si uzembe. Ardhi iliyochimbwa chini hutitia, na mabomba ya kufukia yangepasuka. Migodi ilipohamia kaskazini ndipo ikawezekana kufukia mabomba, na tangu mwisho wa 2021 mto hauna majitaka tena. Ila kutitia hakufutiki: sehemu nyingine zimeshuka zaidi ya mita 20, na pampu lazima zifanye kazi siku zote, la sivyo maeneo makubwa yatageuka maziwa. Mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa Desemba 2018, pampu hazikustaafu.

Mama Ramani
Sasa Duisburg. Kutoka kituo kikuu cha Duisburg chukua tramu 903, shuka Landschaftspark-Nord, halafu tembea kidogo hadi kwenye bustani iliyo ndani ya kiwanda cha zamani cha chuma. Kiingilio hakuna. Tanuri namba 5 lilizimwa 1985, na unaweza kulipanda hadi karibu mita 70. Ngazi ni za wavu wa chuma, unaona chini kati ya miguu yako. Visigino vyembamba hunasa, na mwenye kizunguzungu aishie ghorofa za chini. Kukiwa na barafu au dhoruba hufungwa.

Tangi la zamani la gesi lina maji lita milioni 20, na wapiga mbizi wanafanya mazoezi humo. Maghala ya madini ni kuta za kukwea.

Tochi
Kwa wapiga picha: taa za rangi huwashwa giza likiingia, hasa mwishoni mwa wiki, hakikisha ratiba kwanza. Usisimamishe miguu mitatu ya kamera kwenye wavu wa ngazi. Mtu akipita ghorofa ya juu, wavu wote hutikisika na picha ya sekunde kumi inaharibika. Simama ardhini, anza kupiga anga likiwa bado na bluu; likishakuwa jeusi, mabomba yasiyomulikwa hupotea.

Kijiti
Na Jumatatu je? Ndiyo siku pekee niliyo nayo.

Mama Ramani
Ruhr Museum hufunguliwa hata Jumatatu, na bustani ya Duisburg haina siku ya kufungwa. Usipange Red Dot, lile jumba la ubunifu lililo kwenye nyumba ya maboila ya Zollverein, wala Gasometer ya Oberhausen, tangi kubwa la zamani la gesi lililogeuzwa ukumbi wa maonyesho.