Land Rover 109 ya petroli, kupiga hendeli kwa usalama

Swali: Wakuu salaam, nina 109 Series III ya petroli, stata imekufa na niko mbali na fundi, tundu la hendeli kwenye bampa lipo, nataka kuwasha kwa mkono lakini nasikia inavunja watu mikono, ni kweli?

Jibu 1: Kweli kabisa mkuu, injini ikipiga kinyume hendeli inarudi na nguvu zote. Dole gumba liweke upande mmoja na vidole vingine, usilizungushe kwenye mpini, halafu vuta kwenda juu, usikandamize chini wala usizungushe mfululizo. Na gia iwe nyutro, handibreki juu, tafadhali sana usisahau hilo.

Jibu 2: Angalia taiming pia (wakati cheche inapotoka), ikitangulia sana ndo injini hurudisha hendeli. Injini ikiwa ya baridi vuta choki (ya kupunguza hewa), zungusha injini kidogo kwa hendeli huku swichi imezimwa mafuta yapande, ndo uwashe swichi.

Jibu 3: Betri isiwe imekufa kabisa maana koili bila umeme haitoi cheche.

Swali: Asanteni, ya jirani ni dizeli nayo inawezekana?

Jibu 1: Dizeli kompresheni yake (mgandamizo ndani ya silinda) ni kubwa mno, bora msukume.