Vitambaa vya sare: niende Kariakoo kwa treni au niendelee kuagiza kwa simu?

Fundi wa Chang'ombe

Wadau, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani hapa Chang'ombe, Dodoma. Nina kibanda chenye vyerehani vitatu na wasichana wawili ninaowafundisha kazi. Kinachotulisha ni sare za shule, yaani nikiharibu Desemba na Januari, mwaka mzima umeharibika. Naomba ushauri wa anayefanya biashara hii.

Zamani nilikuwa nafuata vitambaa Kariakoo kwa basi. Natoka stendi ya Nanenane saa 12 asubuhi, nashuka Mbezi mchana saa 8 au 9 mgongo umekakamaa, na hapo sijafika bado. Kutoka stendi ya Magufuli mpaka Kariakoo ni safari nyingine, na ukikutana na foleni unaingia sokoni watu wanafunga maduka. Lazima ulale gesti. Siku mbili za kazi zinakwenda kwa ajili ya majora manne.

Nikaona niache, nikahamia WhatsApp. Muuzaji ananitumia picha, nachagua, nalipa kwa simu, mzigo unapanda basi la usiku, asubuhi naupokea Nanenane. Kwa bitana, zipu, vifungo na kitambaa cheupe cha mashati sina lalamiko hata moja.

Kilichoniumiza ni msimu uliopita. Niliagiza tetroni ya damu ya mzee kwa sketi za sekondari. Kwenye simu ilikuwa damu ya mzee hasa. Nilipolifungua jora nje juani nikaona nyekundu ya tofali. Tena nyepesi, ukiweka mkono nyuma yake unahesabu vidole. Muuzaji akasema mzigo ukishatoka dukani haurudi. Wakati huo wazazi 19 walishanipa malipo ya awali na shule zilikuwa zinafunguliwa. Nikakimbilia soko la Majengo, nikanunua kwa mita, bei ya rejareja, na faida yote ikaishia pale. Sikumwongezea mzazi hata shilingi, maana kosa halikuwa lake. Lakini usiku ule sikulala.

Sasa nasikia watu wanakwenda Dar na kurudi siku hiyo hiyo kwa SGR, ile treni ya umeme. Ilipoanza 2024 nauli ya Dodoma hadi Dar daraja la kawaida ilikuwa 31,000, haikupishana sana na ya basi zuri. Kwa mtu wa mizigo kama mimi, inafaa kweli?

Mama Vitenge, Kizota

Pole sana mdogo wangu. Mimi nauza vitenge na mashuka, na tangu treni ianze basi napanda kwa nadra sana. Naondoka na ya asubuhi, baada ya saa kama nne hivi niko Dar, na stesheni iko mjini palepale. Bajaji mpaka Mtaa wa Kongo ni karibu. Nazunguka madukani jua likiwa bado juu, jioni narudi kulala kwangu. Gesti nimeisahau.

Ila usiihesabu treni kama gari la mzigo. Hutaingia behewani na majora manne begani. Mimi napanda treni, robota langu linapanda basi. Andika jina na simu yako kwa kalamu ya wino mzito pande mbili za mfuko, usiondoke bila risiti ya mzigo, na dukani dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa sababu mzigo hukaguliwa njiani.

Jingine ni muda. Tiketi inataka kitambulisho, kwa hiyo namba yako ya NIDA iwe karibu. Na uwahi. Basi likikuacha Nanenane unachukua bodaboda unalikuta Ihumwa. Treni ikikuacha imekuacha. Yalinikuta mara moja, bajaji ilichelewa kunifuata, nikakuta geti limefungwa. Siku hizi natoka nyumbani saa moja na nusu kabla.

Kijana wa UDOM

Dada, kabla hujaacha kuagiza kwa simu, jaribu haya. Taa za dukani zinabadilisha rangi, hasa nyekundu na bluu. Mwambie muuzaji atoe kitambaa mlangoni kwenye mwanga wa mchana, aweke karatasi nyeupe pembeni, ndipo apige. Karatasi ikionekana ya njano kwenye picha, ujue na rangi ya kitambaa imedanganya. Picha aitume kama dokumenti, isibanwe. Na kwenye simu yako zima ile hali ya kupunguza mwanga wa bluu usiku. Wengi wanachagua rangi saa 3 usiku skrini ikiwa imeshageuka njano bila wao kujua.

Fundi mwenzio, Nkuhungu

Karatasi nyeupe itakusaidia rangi. Uzito je? Picha haikwambii kama tetroni itashika marinda au italegea ikifuliwa mara tatu. Mtoto anavaa sketi ile siku tano kwa wiki, anakaa nayo kwenye benchi la mbao, anapigwa na vumbi letu hili la Dodoma. Mimi kitambaa cha sare nakikunja kwenye ngumi, nahesabu mpaka kumi, naachia. Kikibaki na mikunjo, sikinunui.

Fundi wa Chang'ombe

Asanteni sana, mmenifungua macho. Mama Vitenge, hiyo ya mimi treni na mzigo basi sikuwa nimeifikiria kabisa, nilidhani lazima tusafiri pamoja.

Nimeamua hivi. Oktoba, kabla wenye maduka hawajazidiwa na watu, nitakwenda mwenyewe kwa treni. Ndani ya mkoba nitabeba sketi moja ya kila shule ninayoishonea, mpya, isiyofuliwa, niilaze juu ya kitambaa pale mlangoni kwenye mwanga. Nikiridhika, nakata kipande cha vidole vinne, nakibana kwenye kaunta buku pamoja na jina la duka na namba ya rangi iliyoandikwa kwenye jora. Baada ya hapo nitaagiza kwa simu kwa namba ile, na mzigo ukifika naulinganisha na kipande changu palepale Nanenane, kabla sijaufikisha nyumbani. Ngumi ya mwenzangu wa Nkuhungu nimeijaribu leo kwenye tetroni ya Majengo, imefaulu.

Mama Vitenge, Kizota

Hapo sawa. Na ile nyekundu imebaki kiasi gani? Kuna mama wa kwaya huku Kizota anatafuta rangi hiyo kwa mitandio.

Fundi wa Chang'ombe

Iko juu ya kabati, haijakatwa. Kesho asubuhi naishusha, naipima, nakupigia picha nje juani na karatasi nyeupe pembeni. Lakini mwambie mama aje aishike kwanza.