Historia ya sayansi kimu: nianzie maktaba ipi?

BintiChumbageni
Habari za jioni wanajukwaa. Niko Tanga, naandika tasnifu kuhusu wasichana walivyofundishwa mapishi, ushonaji na usafi wa nyumba shuleni kabla ya Uhuru. Nina daftari la marehemu bibi yangu. Mbele kuna mapishi ya skonzi. Nyuma kabandika vipande vya kitambaa cha marekani, kimoja kina pindo, kingine kitundu cha kifungo, na pembeni mwalimu kapiga vema kwa wino mwekundu. Nataka kujua mafunzo haya yalitoka wapi. Nauli ya kwenda Dar kila mara sina.

MwalimuMstaafu_Ngamiani
Mwanangu, kwanza lipige picha daftari hilo, ukurasa kwa ukurasa, maana unyevu wa huku unaujua. Vile vitambaa usivibandue kabisa! Nimefundisha somo hili miaka mingi, na vielelezo vya namna hiyo wengi walivitupa.

Kwa simu yako anza na HEARTH, mkusanyiko wa Maktaba ya Mann, Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Ni vitabu na majarida ya somo hili ya kuanzia 1850 hadi 1950, vinasomwa bure. Humo utamfuatilia Ellen Swallow Richards, mkemia, mwanamke wa kwanza kuhitimu MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, mwaka 1873. Yeye na wenzake walianza mikutano ya kulijenga somo hili huko Lake Placid, New York, mwaka 1899; humo kikazaliwa chama chao cha sayansi kimu, na jarida lake likaanza kutoka 1909. Usitafute kwa jina la somo peke yake. Tafuta kitu chenyewe kwa Kiingereza: sabuni, mkate, tundu la kifungo. Hapo ndipo utaona hatua kwa hatua walivyofundisha.

Ila nakusihi, usiruke kutoka Cornell hadi Tanga kwa aya moja. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Vitabu vya Marekani vitakusaidia kulinganisha. Kwamba bibi alifundishwa kwa vitabu hivyo, mpaka upate ushahidi.

Mkutubi_Dar
Naunga mkono. Ushahidi huo utafute Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya East Africana, yaani maandishi yanayohusu Afrika Mashariki. Ulizia ripoti za mwaka za Idara ya Elimu ya Tanganyika. Haziazimwi, unasomea palepale, kwa hiyo njoo na barua ya utambulisho ya chuo chako, na orodha ya miaka unayoitaka iwe tayari.

BintiChumbageni
Shikamoo mwalimu, na asante mkutubi. Daftari halina mwaka, jina la shule tu. Nifanyeje?

MwalimuMstaafu_Ngamiani
Marahaba. Waulize bibi waliosoma naye, kabla hujapanda basi. Wataje nani alikuwa mwalimu mkuu, na nani aliwafundisha kushona. Ukipata jina moja tu, mkutubi ana pa kuanzia.