Mjadala: Mvutano wa Einstein ufundishwe kuanzia vipimo viwili?

Swali: wanafunzi wa fizikia vyuoni Dar waanze na ulimwengu wa vipimo viwili vya nafasi na kimoja cha wakati, ndipo wapande kwenye huu wetu?

Kimara: Waanzie huko. Tensa ya mpindo, yaani seti ya namba zinazoeleza jinsi anga-wakati (nafasi na wakati kwa pamoja) ilivyopinda, ina sehemu huru 6 tu. Kwenye ulimwengu wetu ni 20. Zote 6 zinaamuliwa na maada iliyopo palepale. Pasipo na maada, konstanti ya kosmolojia (mpindo wa utupu wenyewe) ikiwa sifuri, anga-wakati ni bapa, haijapinda.

Kigamboni: Kama ni bapa, mvutano uko wapi? Mawe mawili yaliyotulia hayasogeleani kamwe. Kanuni ya Newton ukiishusha kwenye vipimo viwili bado inakupa kani ya 1/r, inayopungua kadiri umbali r unavyoongezeka. Ya Einstein haikupi hata hiyo, wala mawimbi ya mvutano. Simama Feri, kivukoni Dar, siku ya bamvua, maji yanapojaa sana: mpindo unaoyainua maji yale umefika kupitia utupu. Huko kwenu hakuna kujaa wala kupwa. Tumfundishe mtu mvutano usiovuta?

Kimara: Jiwe halivuti, mkuu, ila linakata pembe ya 8πGm kwenye nafasi inayolizunguka (m ni masi yake, G konstanti ya mvutano, na kasi ya mwanga c = 1). Deser, Jackiw na 't Hooft walilichambua hili mwaka 1984. Kata duara la karatasi, nusukipenyo sentimita 9. Ondoa kipande cha nyuzi 60. Chora mistari miwili sambamba na mstari unaoligawa pengo katikati, ikielekea kwenye pengo, kila mmoja sentimita 2 kutoka kitovuni, mmoja kushoto, mwingine kulia. Ziunganishe kingo kwa selotepu upate umbo la pia: mistari inakutana kwenye kiungo, sentimita 4 kutoka nchani, kwa nyuzi 60. Kingo zisipandane hata kidogo, maana pembe iliyokatwa itaongezeka na mistari haitakutana hapo. Na usipitishe mstari nchani. Hauna njia moja ya kuendelea.

Tabata: Msisahau shimo jeusi la Bañados, Teitelboim na Zanelli, 1992. Nalo ni la vipimo viwili vya nafasi, ila linataka konstanti ya kosmolojia iwe hasi. Ila msishuke hadi kipimo kimoja cha nafasi: tensa ya Einstein (upande wa mpindo katika mlinganyo wake) huko ni sifuri daima, hivyo mlinganyo hausemi kitu mpaka uongeze uga mwingine.

Kigamboni: Ile pia ya karatasi naikubali, wiki moja, baada ya Newton. Bamvua je?

Kimara: Bamvua ndiyo hoja yangu. Kati ya zile 20, 10 zinafungwa na maada. 10 nyingine ndizo zinazosafiri kwenye utupu na kuyainua maji yale. Mwanafunzi aliyetoka kwenye 6 anaziona mara moja.

Kigamboni: Basi mtihani uwaulize hizo 10, si pia ya karatasi.