Bosi anataka nijibu meseji hata siku ya off, nifanyeje?

Wakuu habari zenu. Mimi ni mtunza stoo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Dar, off yangu ni Jumapili. Shida ni grupu la WhatsApp la kazini. Niko kanisani, bosi anaandika: "Nondo za milimita 12 zimebaki ngapi?" Tiki zikishakuwa za bluu na sijajibu, Jumatatu nasemwa mbele ya wateja. Na daftari la stoo lipo palepale kaunta!

Najua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na mkikubaliana ufanye kazi siku hiyo, kila saa inalipwa mara mbili. Sasa kujibu meseji nako ni kazi? Ufaransa haki ya kutojibu meseji za kazi nje ya saa za kazi imo kwenye sheria tangu 2017.

Dharura naielewa. Stoo ikivunjwa, nipigieni hata usiku wa manane. Ila bei ya misumari jamani?

Mkataba wangu unakaribia kuisha, naogopa kuonekana mjeuri. HR hatuna, ni bosi na mkewe. Mliopitia haya, mlianzaje kumwambia? Au nizime tu data Jumapili?