Chupa ya geuze kutoka Bruxelles: imeharibika, ao ndivyo ilivyo?

Mama wa Nguba (Bukavu)

Jambo yenu wote. Nina swali, na mnivumilie kwa urefu wake.

Mdogo wangu anaishi Bruxelles, upande wa Matonge. Alipokuja kwa ndoa ya binti wa shangazi yetu alileta chupa mbili nzito za kijani, kila moja sentilita 75, kizibo kimefungwa kwa waya kama cha shampanyi. Akaniambia: "Yaya, hii ni geuze, bia ya wenyeji wa kule. Usiinywe kama Primus." Kisha akapanda ndege bila kunieleza inanywewa vipi.

Mimi nina mgahawa mdogo hapa Nguba, karibu na ziwa. Ninaishi kwa ulimi wangu. Hakuna sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, inayotoka jikoni kabla sijaionja, na mchuzi ukizidi chumvi najua hata kwa kunusa mvuke wake.

Jumamosi iliyopita nililaza chupa moja kwenye frigo usiku mzima, pamoja na Primus. Wateja wangu watatu wa siku zote walikuwepo. Nilipofungua, kizibo kiliruka, povu likamwagika mezani, nami nikamimina mpaka mwisho, na machicha ya chini yote. Wa kwanza alionja kidogo akarudisha glasi mezani. Wa pili akasema ni siki. Mimi nilisikia ndimu tupu, kisha harufu ya zizi. Tukamwaga iliyobaki.

Jioni, nilipokuwa naosha vyombo, nilikuta glasi moja ina tone chini, limeshapata joto la jikoni. Nikanusa. Siki ilikuwa imetoweka. Nilisikia nyumba ya bibi yangu kule Kabare, asubuhi baada ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwisha, mtumbwi wa mti wa kuichachushia umeoshwa na kuegeshwa ukutani, lakini mti wenyewe bado unanuka ndizi na moshi. Nilisimama na ile glasi mkononi hadi maji ya kuoshea yakapoa.

Imebaki chupa moja. Naomba mwenye kujua: ile ya kwanza iliharibika, ao mimi ndiye niliyeikosea? Na hii ya pili niionje namna gani? Sitapata nyingine kwa urahisi.

Mtoto wa Kadutu

Mama, mimi naogopea tumbo lako na la wateja wako. Pombe ikichachuka imechachuka. Kasiksi ya siku ya tano hapa kwetu tunaimwaga, na hakuna anayesema ina harufu ya bibi. Chupa imesafiri kutoka Ulaya ndani ya valizi, nani anajua ilipitia joto gani? Mwage na ya pili, watu wasije wakaugua mgahawani kwako.

Katuba hadi Anderlecht (Lubumbashi)

Mama, tafadhali usimwage. Niliishi Anderlecht, hapo Bruxelles, miaka minane kabla ya kurudi Lubumbashi, na kutoka kwangu hadi Cantillon, kiwanda kinachotengeneza geuze, nilikuwa natembea kwa miguu. Kipo tangu 1900, kwenye mtaa wa Gheude, karibu na kituo cha treni cha Midi, na tangu 1978 ni makumbusho pia, kwa hiyo yeyote anaingia kutazama. Siku ya kwanza niliona utando wa buibui juu ya mapipa nikashangaa. Wanauacha makusudi, maana buibui wanakula vile vinzi vidogo vinavyofuata matunda na pombe.

Juu kabisa, chini ya paa, kuna beseni la shaba, pana kama chumba lakini kina chake kifupi. Wanachemsha maji ya kimea cha shayiri na ngano mbichi, ngano ikiwa kama theluthi moja, kwa saa nyingi, pamoja na hopu, yale maua machungu ya kutilia bia, zilizowekwa miaka hadi uchungu wake umekwisha. Kisha yanamwagwa humo yakiwa moto na kuachwa yapoe usiku kucha. Hakuna mtu anayetia hamira. Inaingia yenyewe, kutoka hewani na kutoka kwenye mbao, na baadaye inakuta nyingine inaishi ndani ya mapipa. Ndiyo sababu wanapika majira ya baridi tu, kuanzia Oktoba hivi hadi Aprili. Wakati wa joto maji hayapoi upesi inavyotakiwa, na vijidudu vibaya ni vingi mno. Asubuhi yanaingia kwenye mapipa ya mwaloni, mengi yalishawahi kubeba divai, na humo inakuwa lambiki.

Geuze inatoka kwenye mapipa mengi. Fundi anapita akionja lambiki ya mwaka mmoja, ya miwili, ya mitatu, halafu anazichanganya. Ile changa ina sukari bado, nayo ndiyo inayozaa gesi ndani ya chupa. Ile ya miaka mitatu ni kavu na imetulia kama maji, lakini harufu yote ya ndani inatoka kwake. Niliwahi kumwona fundi anarudi kwenye pipa moja mara nne, na kila mara anatikisa kichwa. Hakulitumia.

Sasa kuonja. Chupa isimame wima siku mbili, machicha yashuke. Baridi ya Primus ndiyo iliyokunyima kila kitu: inafunga harufu, inakuachia ukali peke yake, na ndiyo sababu lile tone la jikoni liliongea nawe. Itoe kwenye frigo nusu saa ao zaidi kabla ya kufungua, ifike nyuzi 12 hivi. Mimina polepole, glasi imeinama, na ukishaanza usiisimamishe chupa tena mpaka utakapobakiza kidole kimoja cha machicha. Glasi ya divai inafaa kuliko ya bia. Nusa kabla ya kunywa, pumzika, nusa tena. Funda la kwanza usilihukumu, ulimi unashtuka tu. La pili liache lizunguke hadi pembeni, mate yanapotoka. Kuanzia la tatu ndipo uongee.

Angalia pia karatasi ya chupa. Ikiandikwa Oude Gueuze, humo ni lambiki tupu, na sehemu yake lazima iwe imefikisha miaka mitatu. Zipo nyingine zilizotiwa sukari kwa wasiopenda ukali. Mimi sizinunui, sukari inafunika kazi yote ya pipa.

Bibi ya mke wangu anatengeneza munkoyo hapa Katuba. Anaponda ile mizizi, anaitia kwenye uji wa mahindi, uji unalegea na kuwa mtamu, na baada ya siku moja ao mbili unashika ukali mwembamba. Nilipompa geuze hakukunja uso hata kidogo. Watu wetu ulimi huo wanao tayari.

Mzee wa Laboratwari (Bukavu)

Nilifanya kazi miaka 22 katika laboratwari ya kiwanda cha bia, sitakitaja. Hamira ya porini ndiyo niliyolipwa kuiwinda. Mwaka mmoja tanki zima lilitoka na harufu hiyo anayoisema Mama, ya zizi na ngozi mbichi. Tuliifungulia yote mferejini. Nilikuwa nimeionja kabla, na mpaka leo nasikitika, kwa sababu ilikuwa na kitu ambacho bia yetu safi haikuwahi kuwa nacho.

Hamira hiyo inaitwa bretanomisesi. Aliyeieleza ni Niels Hjelte Claussen wa laboratwari ya Carlsberg, Copenhagen, mwaka 1904, na aliikuta kwenye bia za Uingereza zilizokaa sana. Jina lenyewe maana yake ni kuvu wa Waingereza.

Ndani ya pipa la lambiki wadudu wanapokezana zamu. Wa kwanza ni bakteria wa wiki chache, wanaokufa pombe na asidi zinapopanda. Inafuata hamira ya kawaida, inamaliza sukari nyepesi kwa miezi kadhaa. Halafu wanashika pediokokasi, bakteria wengine, wanaotoa asidi ya laktiki, ile ile ya mashanza, maziwa yetu ya mgando. Wakati wao pombe inaweza kuvutika kama mlenda. Mafundi wanasema inaumwa, na wanaiacha. Anayeiponya ni bretanomisesi: anakula ule ute, anakula na sukari ngumu ambazo wengine walishindwa, taratibu, akipata hewa kidogo sana inayopenya kwenye mbao. Anachoacha ni harufu ya balungi, ya nyasi kavu, ya blanketi la farasi kama wanavyosema wao. Sisi huku hatuna farasi, semeni mbuzi.

Mtoto wa Kadutu anauliza vizuri, nami nitamjibu sawasawa. Kuna ukali wa aina mbili. Wa laktiki ni wa mashanza: mviringo, unajaza mate. Wa asetiki ni wa siki: unapanda puani na kuchoma koo. Siki inatokea hewa ikizidi. Kasiksi yetu ya siku ya tano tunaimwaga kwa sababu mtumbwi umefunguliwa na kuchotwa mchana kutwa, hewa imeingia, siki imeshinda. Pipa la mwaloni limefungwa. Kuhusu ugonjwa, geuze ina pH, yaani kipimo cha asidi, ya 3.3 hivi (namba ikishuka, asidi imepanda) na pombe asilimia 5 ao 6. Vijidudu vinavyotuumiza havistawi humo.

Kwa hiyo Mama, ukimeza, toa pumzi kwa pua. Koo likiwaka kama umevuta mvuke wa siki, chupa ina kasoro. Mate yakikujaa pembeni mwa ulimi, iko salama na iko nzuri.

Mtoto wa Kadutu

Aksanti Mzee. Hiyo ya mashanza nimeielewa, na tumbo langu limetulia. Mimi nabaki na kasiksi ya siku ya pili, ikiwa bado tamu.

Mama wa Nguba (Bukavu)

Nimerudi. Nilisubiri wiki mbili ili shangazi yangu ashuke kutoka Kabare. Ana miaka 71, na ndiye aliyerithi mtumbwi wa bibi.

Tulifungua Jumapili mchana, sisi wawili tu, mlango wa mgahawa umefungwa. Chupa ilikuwa imesimama siku mbili. Safari hii kizibo kilitoka kwa sauti ndogo, na povu halikuvuka mdomo. Rangi ni ya chai ya rangi ukiinua glasi juani. Nilinusa kama mlivyoniambia. Kwanza ganda la balungi, lile jeupe la ndani. Kisha nyasi kavu za kukandia ndizi, nazijua vizuri, maana tulipokuwa watoto ndiyo ilikuwa kazi yetu: ndizi zikitoka shimoni zimeiva tunazimenya, tunazikanda pamoja na nyasi mpaka mutobe itoke. Zizi lilikuwepo, lakini kwa mbali, kama mbuzi wa jirani.

Funda la kwanza lilinishtua tena. La pili likanijaza mate, na nilipotoa pumzi puani hakuna kilichochoma. La tatu, Mzee, nilisikia mti. Sijui kuueleza zaidi. Kulikuwa na ukavu mwishoni, ule unaousikia ukiuma kijiti.

Nilikuwa nimekaanga sambaza kwa mafuta mengi, na nimekata jibini ya Masisi. Sambaza hazikuhitaji ndimu hata moja, kinywaji chenyewe kilikata mafuta. Jibini ndiyo iliyonishangaza: ukiila kwanza, geuze inakuwa tamu kwa muda mfupi, kisha ukali unarudi polepole. Tulirudia hilo mpaka jibini ikaisha.

Shangazi hakusema kitu hadi glasi ya pili. Halafu akasema: "Aliyetengeneza hii anaosha mtumbwi wake kwa maji tu. Hatii sabuni." Nikamwuliza amejuaje. Akasema bibi alikuwa akimpiga mtu yeyote anayesogeza sabuni kwenye ule mtumbwi, kwa kuwa kasiksi inayofuata ingechelewa kuamka na isingekuwa yake. Unga wa mtama uliokaangwa unasaidia, alisema, lakini anayeamsha ni mti.

Machicha ya chini alinikataza kuyamwaga. Nilichemsha mutobe lita tano, nikaiacha ipoe, nikaimimina ndani ya dame-jane, chupa kubwa ya kioo, iliyooshwa kwa maji ya moto, tukatia yale machicha yote. Ni siku ya nne leo na imeanza kutoa mapovu madogo pembeni. Mzee, sasa nifanye nini? Niikaze kifuniko?

Mzee wa Laboratwari (Bukavu)

Usikaze! Gesi itaipasua dame-jane, na kioo hakina huruma. Toboa kizibo, pitisha mrija mwembamba, ncha yake ya nje izame kwenye chupa ya maji: gesi itoke, hewa isiingie. Iweke gizani, mbali na jiko. Miezi michache mbele utaona utando mweupe juu, una mikunjo. Usiuguse, usikoroge, ndio unaoikinga na hewa. Na ukisikia hamu ya kuonja kila wiki, jizuie, kila ukifungua unaikaribisha siki. Onja baada ya miezi sita. Ikiwa bado inavutika kama mlenda, inaumwa tu, funga uisubiri.

Nikipewa afya nitashuka Nguba siku hiyo. Mwambie shangazi aje na mtumbwi, nataka kuunusa.