Mjadala: Sare shule za serikali zifutwe, au tunagombana na kitu kisicho chenyewe?

Wadau, salaam. Grupu la wazazi la shule anayosoma binti yangu, huku Temeke, limewaka moto. Shule imetangaza kila mtoto awe na sweta yenye nembo na fulana ya michezo ya rangi ya mkondo wake, na vyote vinauzwa shuleni tu. Baba mmoja akaandika: "Elimu bure gani hii? Sare zifutwe kabisa, watoto wavae walichonacho." Wazazi kibao wakamuunga mkono. Mimi sikumuunga, na nataka tulijadili hapa bila matusi.

Hilo la elimu bure tulimalize haraka. Waraka wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016. Sare ilibaki juu ya mzazi, pamoja na madaftari na kalamu. Hakuna aliyetudanganya hapo.

Lakini mzigo upo, nani abishe? Nenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, wiki ya kufungua shule, uone. Machinga wametundika sketi za marinda mpaka kwenye miamvuli, na mama anapima kaptula kwa kuizungusha shingoni mwa mtoto, kisha anachukua saizi inayofuata ili ivaliwe na mwakani. Mwenye watoto watatu hapo anahesabu mashati, viatu vyeusi, soksi, na mwenye nyumba naye anasubiri kodi yake.

Sasa tuseme zimefutwa. Mtoto wako anapandaje daladala? Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200. Mtu mzima, hata safari fupi kabisa, analipa 600. Konda haulizi kitambulisho, anaangalia shati jeupe. Jumamosi mtoto akienda tuisheni na nguo za nyumbani, hata akionyesha kitambulisho anaambiwa "lipa nauli kamili au shuka." Kwenda na kurudi, tofauti ni 800 kwa siku. Kwa wiki ya siku tano ni 4,000, na huyo ni mtoto mmoja anayepanda gari moja tu. Wa kuunganisha magari mawili, zidisha mwenyewe. Mnaosema sare inatufilisi, hiyo hesabu mmeipiga? (Najua makonda wenyewe hawawapendi. Pale Mbagala Rangi Tatu asubuhi utasikia "mwanafunzi mmoja tu!" na waliobaki wanasukumwa nje. Huo ni mjadala mwingine.)

Kuna waliosema Marekani shule nyingi za serikali hazina sare na watoto wanasoma. Kweli, ila kule nako kuna wilaya zilizoziweka, kama Long Beach, California, mwaka 1994. Wazazi wa Forney, Texas, walizipinga mpaka mahakamani, wakidai zinaingilia uhuru wa mtoto kujieleza na haki ya mzazi kumlea atakavyo. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ikawakatalia. Ugomvi wao ulikuwa wa uhuru. Wetu ni wa mfuko, tusiazime hoja zao.

Kinachoniudhi mimi ni ile nembo. Shati jeupe na sketi ya bluu nanunua popote: Kariakoo, Tandika, kwa fundi wa mtaani, au narithisha mdogo mtu. Sweta yenye nembo ina muuzaji mmoja tu, na bei yake ni karibu mara mbili ya sweta kama hiyo sokoni. Na sweta yenyewe ya nini, jamani? Dar es Salaam hii, Januari, mtoto wa darasa la pili amefungwa sweta kiunoni jasho linamtiririka, kisa mwalimu wa zamu anakagua getini. Fulana ya mkondo ndiyo balaa zaidi: mtoto akihamishwa mkondo, unanunua nyingine.

Uingereza mwaka 2021 walipitisha sheria inayozibana shule kwenye gharama za sare, na mwongozo wake unazitaka zipunguze nguo zenye nembo. Sare hawakuifuta. Hapo ndipo ninaposimama: sare ya msingi ibaki lazima, ya nembo iwe hiari, au shule iuze nembo peke yake mzazi aishone kwenye nguo aliyonunua mwenyewe. Na asiye na kitu kabisa aingie darasani wakati mzazi anahangaika. Viongozi hulisema hilo kila Januari, lakini getini bado watoto wanarudishwa.

Mwalimu mmoja kwenye grupu alijitetea kwamba nembo inasaidia kumtambua mtoto akipotea au akifanya vurugu kituoni. Hoja ina uzito, ila nembo ya kushona inafanya kazi hiyohiyo.

Wenye watoto shule za Kinondoni, Ubungo na Kigamboni, kwenu ikoje? Nembo inauzwa peke yake au mpaka ununue sweta nzima? Na mnaotaka sare zifutwe, nijibuni hilo la konda kwanza.